Muulize Fundi: Folklifti ya gesi inachemsha na huku regyuleta imeganda barafu

Wasomaji wangu salaam. Barua za safari hii nyingi ni za folklifti (zile mashine za kunyanyulia mizigo) za gesi ya mtungi na nyingi zinalia na joto, wengine imezidi wengine haipandi kabisa. Nimechagua hizi hapa, zingine zimefanana sana kwa iyo ukisoma ya mwenzio usidharau, jibu lako laweza kuwa humo humo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni opareta kwenye godauni la unga na sukari Vingunguti, Dar. Tuna folklifti ya tani mbili na nusu, injini Nissan K25, inatumia gesi tupu. Inanichanganya akili, ikipiga kazi kama lisaa hivi inaanza kuchemsha, geji inapanda mpaka kwenye nyekundu, lakini ukifungua boneti unakuta regyuleta ya gesi imeganda barafu nyeupe na mashine inakosa nguvu inataka kuzima. Inakuwaje mashine moja inachemsha na inaganda? Fundi wetu ameshatoa themostati, ile vali inayobana maji mpaka injini ipate moto, amebadilisha mkanda wa feni, na ile chupa ya maji ya akiba iko full muda wote. Bosi anataka kuiuza.

JIBU: Marahaba, na mwambie bosi atulie kwanza. Hapo hamna magonjwa mawili, ugonjwa ni mmoja, maji hayazunguki. Kwenye gari ya petroli maji yana kazi ya kupoza injini basi, ila kwenye folklifti ya gesi yana kazi ya pili ambayo mafundi wengi waliotokea kwenye magari hawana habari nayo, yanaipasha moto regyuleta. Gesi inatoka kwenye mtungi ikiwa bado majimaji, inafika pale kwenye regyuleta ndio inageuka mvuke, na lita moja ya propani (aina ya gesi ya mtungi) ya majimaji inafumuka kuwa kama lita 270 za mvuke. Kule kugeuka kunakula joto sana, propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, sasa joto la kuichemsha lazima litoke mahali na linatoka kwenye maji ya injini yanayopita kwenye ile mipira miwili midogo iliyochomekwa kwenye regyuleta. Maji yakikatika pale inaganda hata kama nje kuna jua la saa nane mchana la Dar, na gesi inaanza kuingia kwenye injini ikiwa haijaiva vizuri ndio maana inakosa nguvu.

Kwa iyo ukiona kuchemsha na kuganda vimekuja pamoja usikimbilie gasketi wala usinunue rejeta, lile sega la kupozea maji. Washa mashine ikiwa ya baridi, iache dakika kadhaa ipate moto halafu shika ile mipira miwili ya regyuleta, mmoja baada ya mwingine, angalia tu usisogeze mkono kwenye feni. Mzunguko ukiwa mzima yote miwili inakuwa ya moto, wa kurudisha unapungua kidogo tu. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi kama chupa ya soda, njia imeziba ndani ya regyuleta au kuna upepo umekaa. Yote miwili ikiwa baridi wakati injini inaungua, basi maji ni machache au wota pampu haisukumi.

Sasa nije kwenye ile chupa yako maana nadhani ndipo mchawi alipojificha. Chupa ya akiba kuwa full sio ushahidi kwamba rejeta imejaa. Mfuniko wa rejeta una vali mbili, ile kubwa inafungua presha ikizidi na maji yanatoka kwenda kwenye chupa, halafu kuna kivali kidogo cha katikati ambacho injini ikipoa kinafunguka ili rejeta ivute maji yake kurudi. Kile kidogo kikiganda kutu, au kampira kanachokwenda kwenye chupa kakiwa na ufa, maji yanatoka hayarudi, kila siku inatema kidogo, rejeta inashuka na chupa inabaki imejaa mnajipa moyo. Hiyo chupa yenu ambayo haipungui wala haiongezeki ndio inayonitia shaka, kwa mashine nzima lazima iwe inapanda ikipata moto na kushuka ikipoa.

Asubuhi ikiwa imepoa kabisa, nasema kabisa, fungua mfuniko wa rejeta wenyewe uchungulie. Ikiwa ya moto usiguse, maji yale yako chini ya presha, ukilegeza tu yanalipuka kuwa mvuke na yanabandua ngozi ya uso, hilo sio la kutania. Ukikuta maji hayaonekani mdomoni, umeshapata kesi yako.

Kujaza nako kuna ufundi wake, maana regyuleta mara nyingi imefungwa juu juu kwenye chumba cha injini na upepo unapenda kukaa juu. Ukimimina tu ndoo ukafunga, upepo unabaki pale pale na kesho mnarudi kulekule. Iegeshe mahali penye kamteremko, mgongo wake ndio uwe juu ili mdomo wa rejeta upande, meno shusha chini, breki ya mkono, kabari kwenye matairi. Mimina polepole, kisha legeza mpira wa juu pale kwenye regyuleta, utasikia inapumua pshhh halafu inatema tema, subiri mpaka maji yaje mfululizo bila mapovu ndio ukaze. Washa mfuniko ukiwa wazi, iache sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, minya minya mpira mkubwa wa chini, maji yatashuka ongeza, yatashuka ongeza, yakitulia na mipira yote miwili ikapata moto, funga.

Ukishafanya yote hayo na mpira mmoja bado baridi, vua mipira upulize regyuleta kwa mdomo, kama haipiti basi imejaa magadi. Naambiwa sana watu wanajaza maji ya kisima, na visima vingi vya Dar mnavijua vina chumvi, yale maji yanakula aluminiamu ya regyuleta na kuacha ukoko mweupe ndani ya vinjia vyake vyembamba. Jaza kulanti (ile dawa ya rejeta) nusu na maji safi nusu, na ukikosa maji safi tumia yale ya kuongezea betri, YALE YA KUONGEZEA sio asidi, nimeshaulizwa hilo swali na mtu alikuwa na chupa ya asidi mkononi.

Kama njia ni safi, maji yamejaa na upepo umetoka ila bado mipira haipati moto, ndio uende kwenye wota pampu. Angalia kile kitundu kidogo chini ya shafti yake, kikidondosha maji sili imekufa. Ila pampu inaweza isivuje hata tone na bado ikawa mbovu, mapanga yake ya ndani yameliwa na kutu yamebaki vijiti, inazunguka bure.

Na themostati rudisheni. Haya mazoea ya kutoa themostati kila mashine ikichemsha sijui tuliyatoa wapi. Kwenye injini za gesi ni kosa mara mbili, asubuhi maji yanachelewa kupata moto kwa iyo regyuleta inaganda mapema, halafu kuna injini ambazo themostati yake ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato injini ikishapata moto, ukiitoa ile njia inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta na mashine inachemsha zaidi. Nunua ya nyuzi zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, nyingi zinaangukia karibu na 82, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto uone kama inafunguka kabla hujaifunga.

Jambo la mwisho kwako, usiiamini sana geji. Maji yakishuka chini ya sensa, sensa inabaki hewani na geji inaweza kusoma chini wakati hedi, yaani kichwa cha injini, inaungua. Geji ikipanda ghafla kisha ikaanguka ghafla, zima.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nipo Shimanzi Mombasa, ghala la chai. Folklifti yetu asubuhi haina neno, ikifika adhuhuri jua likiwa kali ndio yachemka. Rejeta twaiosha kila wiki kwa mashine ya maji ya nguvu, kwa nje yang'ara. Maji yamejaa, pampu mpya, themostati mpya. Tatizo ni nini?

JIBU: Waalaykum salaam. Mnaosha upande usio na uchafu, ndugu yangu.

Feni ya gari inavuta hewa kutoka mbele kuingia ndani. Ya folklifti inasukuma, inachukua hewa kwenye chumba cha injini na kuipitisha kwenye rejeta iende nje kupitia matundu ya ule mzigo wa chuma wa nyuma. Kwa iyo vumbi la chai, nyuzi za magunia ya karatasi, vipande vya nailoni ya kufungia paleti, vyote vinafyonzwa kutoka chini ya mashine na kwenda kubandikwa kwenye uso wa rejeta unaotazama feni, upande ambao ukisimama nyuma huuoni. Nyie mnaona sega safi linang'aa kumbe upande wa pili kuna blanketi. Chukua tochi uchungulie kati ya feni na rejeta, ikibidi toa ile kava ya feni, nakuhakikishia utachomoa kitu unaweza kukishika kama kipande cha zulia.

Kusafisha ni kwa upepo wa kompresa, na upepo utoke nyuma kwenye matundu kuelekea kwenye injini, ili uchafu urudi ulikotoka. Presha usizidishe na usiielekeze kwa ubavu maana yale mapezi ya aluminiamu yanalala kama nyasi. Mashine ya maji ya nguvu achaneni nayo, ukichanganya vumbi la chai na maji na mafuta mafuta ya injini unapata tope ambalo likikauka halitoki tena.

Mkimaliza fanyeni hiki kipimo, washa injini, chukua karatasi nyepesi ya tishu uisogeze nyuma kwenye matundu. Inatakiwa ipeperuke iende mbali na mashine. Ikinyonywa ikabaki imeganda pale, mtu aliwafungia feni ya gari. Na msimruhusu fundi awaambie ataigeuza tu itafaa, panga la feni ukiligeuza nyuma mbele upepo unaenda kule kule tu, sana sana unapungua nguvu, hapo lazima inunuliwe feni yenyewe ya kusukuma.

Angalieni pia sponji zinazoziba mianya kuzunguka rejeta, zikishaoza hewa ya moto inazunguka pembeni na kurudi ndani kutumika tena kupoza, inakuwa mashine inapumua pumzi yake. Watu wakiishusha rejeta hizo sponji wanazitupa wakidhani ni takataka.

SWALI: Sasa fundi, habari ya huko. Niko Industrial Area, Nairobi. Iko folklifti ya gesi na petroli, switch iko hapo kwa dashbodi. Ukifungua rejeta ikiwa inaunguruma unaona mapovu mengi yanakuja, na maji inaisha kila siku na hakuna mahali inavuja. Asubuhi ikiwashwa inatoa moshi nyeupe kidogo halafu inapotea. Makanika amesema ni hedi gasketi na amenipatia bei ya kufungua injini yote. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe bado. Anaweza kuwa sahihi, ishara zote ulizotaja ni za gasketi ya hedi, ile inayotenganisha maji na moto wa injini, lakini kwenye mashine ya gesi kuna mshukiwa mwingine mwenye ishara zilezile na ni rahisi zaidi kumtoa, ni regyuleta tena.

Ndani ya regyuleta maji na gesi vinapita jirani, vimetenganishwa na gasketi nyembamba na ukuta wa aluminiamu. Ile gasketi ikikatika au ukuta ukitoboka kwa kutu, mashine ikiwaka gesi yenye presha inapenya kwenye maji, hayo mapovu yako. Ukizima, gesi imefungwa na maji bado yana presha ya moto, yanapenya upande wa gesi na kusubiri, asubuhi unawasha yanavutwa kwenye injini ndio moshi mweupe unaotoka na kupotea, na ndio maji yanayoisha bila kuvuja.

Wewe una bahati una petroli pia. Funga valvu ya mtungi, iache imalize gesi iliyobaki kwenye paipu mpaka izime yenyewe, hamishia petroli uwashe, halafu iache mpaka ile gesi iliyokuwa imejichanganya kwenye maji itoke. Mapovu yakiisha kwenye petroli na kurudi ukiweka gesi, hedi haina kosa. Yakiendelea kwenye petroli vilevile, mkubalie makanika wako. Kuna na ile dawa ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, inageuka njano ikikutana na kaboni dayoksaidi ya moshi wa injini, na propani mbichi haiigeuzi rangi. Kwa iyo mapovu yapo na dawa imebaki bluu, macho kwenye regyuleta.

Kuthibitisha vua regyuleta, ziba mpira mmoja wa maji, kwenye mwingine ingiza upepo mdogo usiozidi bar 1, izamishe kwenye ndoo. Mapovu yakitokea kwenye tundu la gesi umemaliza. Ripea kiti yake ni gasketi na diaframu, ila kama aluminiamu yenyewe imetoboka nunua nzima.

Wakati unachunguza haya usifungue rejeta karibu na mtu anayechomelea au anayevuta sigara, hayo mapovu yanaweza kuwa gesi inayowaka. Na propani ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikapotea, inatambaa chini inakaa kwenye shimo la gereji na kwenye ile sehemu iliyochimbwa ya kupakilia malori.

Nyongeza ya watu wa Nairobi, mfuniko mbovu wa rejeta unawaumiza nyie kuliko wa pwani. Huko juu maji matupu yanachemka kwenye kama nyuzi 94, injini inafika hapo bila hata kuwa mgonjwa. Mfuniko wa bar 0.9 ndio unaosogeza mchemko mpaka juu ya 110. Kwa iyo ule wa kuazima uliokaza tu na hauna presha, kwenu haufai hata siku moja.

SWALI: Jambo kaka fundi. Mimi ni Mkongomani, niko Ohio huku Marekani, nafanya kazi depo ya vitu vya baridi. Mashini yetu ya propani haichemki hata siku moja, ile geji inabaki chini kabisa. Lakini wakati wa baridi asubuhi inazima zima, regulateri inakuwa na barafu, na watu wanalalamika kichwa kinauma. Bakubwa wanasema ni gazi mbaya.

JIBU: Jambo kaka. Gesi ya huko sio rahisi iwe na kosa, propani ya folklifti huko ni ile wanaita HD-5 ambayo propani ni asilimia 90 au zaidi. Geji isiyopanda ndio inakuambia jibu, themostati imekwama wazi au hakuna kabisa. Maji yanakimbilia rejeta kabla hayajapata moto, huku joto la nje liko chini ya sifuri, regyuleta inapata maji ya uvuguvugu hayatoshi. Weka themostati mpya na mwache opareta awashe aipashe kidogo bila mzigo kabla ya kuinua. Ikiganda kazini mwagia maji ya vuguvugu, moto wa aina yoyote MARUFUKU, wala ile bunduki ya hewa moto.

Hicho kichwa kuuma nakichukulia uzito kuliko mashine yenyewe. Injini ya gesi isiyoivisha mafuta vizuri inatoa kaboni monoksaidi nyingi, haina harufu, na depo la baridi milango imefungwa muda wote. Waambie wakubwa wapime hewa humo ndani, na kichwa kikianza kuuma tokeni nje, msinywe dawa mkaendelea.

SWALI: Fundi, rejeta ina mafuta mekundu juu ya maji, oili ya injini iko safi. Tanga.

JIBU: Mashine za otomatiki zina kipoza mafuta ya giaboksi ndani ya tangi la chini la rejeta. Kimetoboka. Chomoa stiki ya giaboksi, ukikuta rangi ya chai ya maziwa usiiwashe tena, rejeta ibadilishwe na giaboksi isafishwe mara zaidi ya moja. Ukiendelea kufanya kazi nayo klachi za ndani zitabanduka.

SWALI: Kaka habari, mtungi wa folklifti uliisha wikiendi tukaunga mtungi wa jikoni, imewaka ila haina nguvu na mtungi wenyewe ndio umeota barafu, sio regyuleta. Ni maji pia? Morogoro.

JIBU: Sio maji, na huo mtungi utoeni leo leo. Wa jikoni ukisimama unatoa mvuke kutoka juu, wa folklifti una paipu ndani inayotoa gesi ya majimaji kutoka chini ukiwa umelala. Mnavuta mvuke mwingi kuliko mtungi unavyoweza kuuzalisha kwa hiyo gesi inachemkia humo humo ndani ya mtungi na kuugandisha. Kuulaza ndio msijaribu kabisa, na kuunga unga mipira ya jikoni kwenye mashine inayotikisika ni kutafuta moto.

Hata mtungi sahihi ukilazwa vibaya unaganda hivyohivyo, una kitundu kwenye kola kinachoingia kwenye pini ya kibebeo, kikiingia ndio unajua umelala inavyotakiwa. Ila kuanzia sasa angalieni barafu iko wapi ndio mjue pa kuanzia. Ikiwa kwenye mtungi, mnavuta mvuke badala ya majimaji. Ikiwa kwenye kile kichujio chenye vali ya umeme kabla ya regyuleta, kichujio kimeziba, badilisha. Ikiwa kwenye regyuleta, rudi juu kwa yule wa Vingunguti. Na ukungu wa dakika moja mbili mashine ikiwashwa asubuhi usiwatishe, ule upo kwenye zote.